Uchovu wa madaktari na wauguzi Afrika Mashariki: udhaifu wa mtu au kasoro ya kazi?

Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waliporudi kazini mwezi Mei 2024, baada ya mgomo wa siku 56, gumzo lililobaki magazetini na redioni lilikuwa la fedha. Serikali ilikuwa imependekeza madaktari wanagenzi, yaani wahitimu wanaotimiza mwaka wao wa mafunzo ya vitendo, walipwe shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi. Chama cha madaktari, KMPDU, kilishikilia zaidi ya shilingi 206,000 zilizoandikwa katika mkataba wa pamoja wa mwaka 2017. Ubishi huo ulieleweka na kila msikilizaji, kwa kuwa fedha huhesabika. Jambo jingine halikuhesabika kwa urahisi, na kwa hiyo halikupata meza ya kujadiliwa: watu waliokuwa wakirejea wodini walikuwa wamechoka, tena kwa uchovu usiokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja.

Mwezi Septemba mwaka huohuo chama hicho kilikuwa msibani. Daktari mwanagenzi alikuwa amejitoa uhai, na viongozi wa chama wakataja saa nyingi za kazi zisizokatika pamoja na malipo ambayo yalikuwa hayajafika. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, na si haki kukigeuza kuwa hoja ya majadiliano ya mishahara. Hata hivyo kilifanya lile lililokuwa likinong'onwa kwenye vyumba vya mapumziko vya hospitali lisemwe hadharani. Hutokea nini kwa mwili na akili ya mtu anayetakiwa kutoa zaidi ya alichonacho, mwezi hata mwezi?

Swali hilo linazihusu nchi zote za eneo hili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa zaidi wa wahudumu wa afya. 37 kati yake zimo katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Burundi imo, Rwanda imo, na vilevile Uganda, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Miongoni mwa wanachama wanane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Kenya peke yake isiyotajwa humo. Kwa maneno mengine, mgomo ule ulitokea katika nchi ambayo, kwa kipimo hicho, ndiyo yenye nafuu.

Uchovu wenye jina

Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya kumsifu mchapakazi na akiba ndogo ya kumtetea aliyechoka. Mchumia juani hulia kivulini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ajizi nyumba ya njaa. Watoto hulelewa kwa methali hizo, nazo hazina ubaya, ila ile ya kwanza ina nusu ya pili ambayo waajiri huisahau upesi, nayo ni kivuli. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kumwambia mtu kwamba amechoka ni kumwambia kwamba amefilisika au amechakaa. Ni dhihaka, si pole. Mfanyakazi anayesema "nimechoka" mbele ya mkubwa wake hana hakika kama atasikilizwa au atahesabiwa miongoni mwa wavivu.

Wataalamu waliupa uchovu huu jina lake mwaka 1974. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alikuwa akifanya kazi ya mchana katika ofisi yake jijini New York, kisha jioni akijitolea katika zahanati ya bure iliyowahudumia vijana maskini na watumiaji wa dawa za kulevya. Aliona kwamba wenzake waliokuja na bidii kubwa kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kuzimika. Baada ya miezi kadhaa walianza kuwa wakali, wenye mashaka na kila kitu, wakikaa saa nyingi zaidi kazini huku wakitenda machache zaidi. Yeye mwenyewe hakusalimika. Neno alilolitumia kwa Kiingereza lina maana ya kitu kilichoungua hadi kuisha, kama utambi uliomaliza mafuta ya taa.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, watafiti wa Marekani, walitoa dodoso la kuupima uchovu huo, na hadi leo ndilo linalotumika zaidi duniani. Linaangalia mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwatazama watu unaowahudumia kana kwamba ni vitu, na kujiona huna unalolitimiza. Yeyote aliyewahi kulaza mgonjwa katika hospitali iliyofurika atalitambua la pili bila dodoso. Ni ile saa ambayo mgonjwa huacha kuwa mama fulani wa mtaa fulani na kuwa kitanda namba sita. Aghalabu ndugu za mgonjwa hudhani muuguzi huyo ana roho mbaya. Mara nyingi alianza kazi akiwa na roho kama zao.

WHO iliingiza hali hiyo katika toleo la 11 la mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Haikuiita ugonjwa. Iliita hali inayohusiana na kazi, na maelezo yake yanasema kwamba inatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Hapa msomaji makini husimama kidogo. Kitenzi hicho hakina mtenda. Haukudhibitiwa na nani? Na daktari aliyekosa subira, au na aliyepanga zamu? Karibu kila mabishano kuhusu uchovu wa kazi, kuanzia mahakama za kazi hadi semina za hotelini, yanazunguka nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Yanayotokea ndani ya ubongo

Msongo wenyewe si adui. Mjamzito anapoletwa akivuja damu, tezi zilizo juu ya figo za mkunga humimina adrenalini na kortisoli. Moyo huongeza mwendo, sukari huingia katika damu, usingizi hukimbia. Mwili umeumbwa hivyo ili kuvuka dharura, kisha utulie. Kortisoli kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka kuelekea usiku. Taabu huanza pale dharura inapokuwa ndiyo hali ya kila siku, mwili ukakosa saa ya kutulia. Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, aliyefariki mwaka 2020, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza gharama hiyo: mfumo uleule unaomwokoa mtu kwa muda mfupi humchakaza usipozimwa.

Ushahidi mmojawapo wa mwanzo ulipatikana jirani kabisa. Mwaka 1989, Robert Sapolsky na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa tumbili waliokuwa wakifugwa katika taasisi ya utafiti wa nyani nchini Kenya. Baadhi yao walikuwa wamekufa baada ya kuonewa na wenzao kwa muda mrefu. Matumbo yao yalikuwa na vidonda, na katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, seli zilikuwa zimeharibika. Tumbili wa mwituni anayeonewa hukimbilia mti mwingine. Hawa walikuwa kizimbani, hawakuwa na pa kukimbilia. Binadamu si tumbili, na wodi si kizimba. Hata hivyo, suala la kuwa au kutokuwa na pa kukimbilia limejirudia katika tafiti za kazini tangu wakati huo, chini ya jina la heshima zaidi: uwezo wa mfanyakazi kuamua jinsi anavyofanya kazi yake.

Kwa binadamu, picha zilizo wazi zaidi zimetoka Sweden, nchi ambayo tangu mwaka 2005 madaktari wake wanaruhusiwa kuandika uchovu mkali kuwa utambuzi rasmi wa kitabibu. Mwaka 2014, watafiti wa Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm waliwaonyesha wagonjwa wa aina hiyo picha za kutisha na kuwataka wazitulize hisia zao. Ilikuwa vigumu zaidi kwao kuliko kwa watu wenye afya, na mawasiliano kati ya amigdala na sehemu za mbele za ubongo yalionekana kulegea. Amigdala ni kifundo kidogo chenye umbo la lozi kinachopiga kengele ya hatari. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima kama kengele hiyo ina ukweli. Uhusiano huo ukilegea, kengele hulia na hakuna wa kuizima. Ndiyo maana mtu aliyechoka hivi hulia kwa sababu ya kalamu iliyopotea, au humfokea mtoto kwa kosa ambalo juzi lingemchekesha.

Ivanka Savic wa taasisi hiyohiyo alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 alionyesha kwamba kwa watu waliolemewa na kazi, gamba la mbele la ubongo lilikuwa jembamba kuliko la wenzao, huku amigdala ikiwa kubwa zaidi. Mwaka 2018, yeye na wenzake walirudi kuwapima wagonjwa kati ya mwaka mmoja na miwili baada ya matibabu ya kuwarudishia nguvu. Gamba la mbele lilikuwa limeanza kurejea unene wake. Amigdala haikuwa imerejea hali ya kawaida. Habari hiyo ina faraja na onyo kwa pamoja: ubongo hupona, lakini kwa kipimo cha miaka, na si wote kwa wakati mmoja.

Tafiti hizi zilihusu watu wachache, tena wa nchi tajiri, na kukosa usingizi au sonona kunaweza kuacha alama zinazofanana. Picha ya ubongo haiwezi kumwambia mtu mmoja mmoja kama amechoka au la. Inachofanya ni kuondoa shutuma moja ya zamani. Kusahau dozi, kusoma ukurasa mara tatu bila kuuelewa, kushindwa kuamua jambo dogo: hizo si dalili za tabia mbaya. Wanafunzi wa udaktari jijini New York waliochunguzwa na Conor Liston na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walionyesha kasoro ya kuhamisha makini baada ya mwezi mmoja tu wa kujiandaa kwa mtihani mgumu. Walipopata mwezi wa utulivu, kasoro ikaondoka. Mwezi wa utulivu ndio hasa usiokuwamo katika ratiba ya mwanagenzi.

Zamu isiyokwisha

Kwa mgonjwa, jambo hili si la huruma kwa daktari tu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya majaribio ya mikono na makini kama mwenye kiwango cha kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiwekea mpaka wa kisheria kwa dereva. Usiku, polisi wa Kenya huwasimamisha madereva na kuwapulizisha kipima ulevi. Hakuna anayesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kifaa kama hicho kwa daktari aliye katika saa yake ya 24. Na mwaka 2004, katika hospitali moja ya Boston, madaktari wanagenzi waliokuwa kwenye ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipofanya kazi kwa ratiba iliyofupishwa. Walikuwa wanagenzi wa hospitali ileile. Kilichobadilika kilikuwa ratiba.

Afrika Mashariki ina jambo la ajabu juu ya hilo. Wodi zina watu wachache, na nje ya lango la hospitali kuna wauguzi na madaktari waliohitimu wasio na kazi. Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya wasio na ajira kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Kwa familia zinazosubiri fedha kutoka ughaibuni ni neema. Kwa muuguzi aliyebaki peke yake usiku na wodi nzima, ni vigumu kueleza jinsi nchi inavyoweza kuwa na ziada ya wauguzi na upungufu wa wauguzi kwa wakati mmoja. Maelezo yamo katika bajeti: waliosomeshwa ni wengi kuliko nafasi zinazolipiwa mishahara. Mwezi Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi za bara hili bado hazijaifikia ahadi hiyo.

Malipo nayo si suala la tumbo peke yake. Maslach, akishirikiana na Michael Leiter, alitaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake hukosa kuoana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzake, haki, na maadili anayoyaamini. Uganda ni mfano wa jinsi maeneo hayo yanavyoingiliana. Posho ya madaktari wanagenzi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi milioni 2.5 za Uganda kwa mwezi. Mwaka 2023 ikashushwa hadi milioni moja. Kazi ilibaki ileile, na wagonjwa walewale. Mtu anayefanya kazi ngumu kwa malipo madogo aliyoyakubali huchoka. Anayefanya kazi hiyohiyo baada ya ahadi kuvunjwa huchoka na kukasirika, na hasira hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwa mgonjwa au nyumbani.

Nchini Kenya, mwishoni mwa Desemba 2024, serikali na KMPDU walikubaliana kwamba wanagenzi walipwe kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 2017. Kutoka kuandikwa kwa mkataba hadi kukubaliana kuutekeleza ilipita miaka saba. Daktari aliyeingia chuoni mkataba ulipotiwa saini alikuwa tayari anavaa koti jeupe.

Semina, maombi na ratiba

Mwajiri anapokiri kwamba wafanyakazi wake wamechoka, hatua ya kwanza kwa kawaida ni semina. Huletwa mtaalamu, watu hufundishwa kuvuta pumzi, kunywa maji, kulala mapema na kupanga muda wao. Ushauri huo si wa kubezwa. Usingizi wa kutosha, kutembea kwa miguu, kuzungumza na mtu anayeaminika, kuswali au kwenda kanisani pamoja na wengine, vyote humsaidia mtu kushuka kutoka kwenye hali ya dharura. Anayehisi uchovu usiokwisha anapaswa pia kupimwa, kwa sababu katika nchi hizi malaria, upungufu wa damu na kisukari huchosha vilevile, na sonona huweza kujificha nyuma ya neno "kazi nyingi". Mawazo ya kujidhuru ni dharura ya kitabibu kama homa kali ya mtoto. Hayangojei likizo, na mwenye nayo asiachwe peke yake hadi afikishwe kwa mhudumu wa afya.

Kasoro ya semina ni kwamba inajibu swali la WHO lililoachwa wazi, tena inalijibu kimyakimya: aliyeshindwa kudhibiti ni wewe. Muuguzi anafundishwa kulala mapema, kisha anarudi kwenye ratiba inayompangia usiku saba mfululizo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, ukachapishwa mwaka 2017, uliona kwamba hatua zinazobadilisha mpangilio wa kazi, kama vile ratiba na mzigo, ziliwasaidia madaktari zaidi kuliko zile zinazomlenga daktari mmojammoja. Hata hivyo nafuu yenyewe haikuwa kubwa. Hakuna muujiza katika jambo hili.

Kwa upande wa mpangilio, hatua iliyozungumzwa zaidi katika eneo hili imetoka Kigali. Mwezi Novemba 2022, baraza la mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 saa za kazi ziwe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa 40 kwa wiki, na masomo yaanze saa mbili na nusu. Sababu zilizotolewa zilikuwa ufanisi kazini na ustawi wa familia. Wapo waliohofia kwamba nchi inayotaka kukimbia haiwezi kuamka saa tatu. Lakini uamuzi huo ulikuwa na jambo ambalo semina haina: haukumtaka mfanyakazi ajipiganie mwenyewe mbele ya mkubwa wake. Kwa kulinganisha, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na ya Uganda ya mwaka 2006 saa 48.

Kenya imejaribu mlango mwingine. Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, aliwasilisha muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi, haki ambayo Ufaransa iliiweka katika sheria yake kuanzia Januari 2017. Shirikisho la waajiri nchini humo lilipinga, likisema biashara itakwama. Upinzani huo ulikuwa na punje ya ukweli katika uchumi unaoendeshwa na kundi la WhatsApp. Lakini ndani ya kundi hilohilo, ujumbe wa bosi wa saa nne usiku huamsha kengele ileile ya amigdala, hata kama mpokeaji hakuufungua.

Sheria hizi zote zina mpaka unaoonekana mapema. Zinamlinda mwenye mkataba wa ajira. Dereva wa bodaboda wa Kampala anayelipa mkopo wa pikipiki kila wiki, mama anayeuza dagaa sokoni Bujumbura, kijana wa Goma anayebeba mizigo kwa chukudu: hao hawana wa kumlalamikia, wala hawana saa tatu wala saa kumi na moja. Maelezo ya WHO yenyewe yanasema jina hili lihusu mazingira ya kazi tu, nayo yaliandikwa kana kwamba kila kazi ina ofisi. Uchovu wao ni mkubwa si haba, lakini hauingii katika takwimu za aina hii, na si rahisi kuona ni waziri yupi atakayeitwa bungeni kuujibia.

Hospitali nazo zimo nje ya mpaka huo, kwa sababu nyingine. Magonjwa hayafungi ofisi saa kumi na moja jioni. Saa za kazi zikipunguzwa bila watu kuongezwa, kinachopungua ni idadi ya macho yanayomtazama mgonjwa usiku. Ndiyo maana hatua nyingine ya Rwanda ina uzito zaidi kwa wahudumu wa afya kuliko ile ya saa za kazi: mwaka 2023 wizara ya afya ya nchi hiyo ilianzisha mpango uliopewa jina la 4x4, wenye lengo la kuongeza idadi ya wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Madarasa yamepanuliwa na wanafunzi wameongezwa, wakiwamo wauguzi, wakunga na madaktari bingwa. Udaktari haufundishwi darasani peke yake. Hufundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, asubuhi, na daktari mzoefu anayeeleza alichokiona usiku. Katika hospitali nyingi za eneo hili, daktari huyo mzoefu ni yuleyule aliyekuwa zamu usiku huo, na wanaomfuata wodini kwa madaftari yao sasa ni wengi kuliko walivyokuwa.